Spika ya Binti Yangu na Rezista ya Tatu

Simu yangu niliikuta ndani ya jagi la plastiki. Chini ya jagi kulikuwa na maji ya kina cha kidole, na simu ilikuwa imesimamishwa juu ya kikombe kilichopinduliwa ili isilowe. Binti yangu, wakati huo ana miaka sita, alikuwa ameinamisha sikio kwenye mdomo wa jagi anasikiliza hadithi alizorekodiwa na bibi yake. "Mama, ukiiweka humu Bibi anaongea kwa nguvu," akaniambia, bila hata kugeuka.

Sikujua nimgombeze au nimpongeze. Simu niliichomoa haraka, lakini usiku ule jagi halikunitoka akilini. Mtoto alikuwa amegundua mwenyewe kwamba chombo chenye uwazi huikusanya sauti na kuielekeza. Nikasema nitamtengenezea spika yake, ndogo, isiyo na waya, anayoweza kuibeba kwa mkono mmoja.

Mimi si fundi. Kazi yangu ni ya makaratasi, na kabla ya hapo kitu pekee chenye umeme nilichowahi kukifungua kilikuwa tochi. Ila ninaye kaka anayejua mambo ya redio. Nikampigia. "Dada, hiyo ni kazi ya jioni mbili," akanihakikishia. Ilichukua wiki saba.

Vifaa vyenyewe vinaenea kiganjani. Kuna kibao cha Bluetooth kinachopokea sauti kutoka kwenye simu. Kibao cha amplifaya, yaani cha kukuza sauti, chenye chipu ya PAM8403, ambacho kwa volti 5 kinaweza kusukuma hadi wati 3 kila upande. Kibao cha kuchajia cha TP4056. Kipandisha volti, maana betri ya lithiamu hutoa volti 3.7 hivi na vibao vingine vinataka 5, betri moja, swichi, na spika ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Spika ziliuzwa mbilimbili. Moja nikaitia droo.

Kwenye betri nilikaa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Aina niliyotumia huitwa 18650: kipenyo milimita 18, urefu 65, na ile sifuri ya mwisho huonyesha kwamba ni ya umbo la mche duara. Nilikuwa na kompyuta mpakato iliyokufa zamani, na ndani ya pakiti yake mlikuwa na betri sita za namna hiyo. Nikaona nimeokoa pesa. Kaka alizipima kwa mita, tatu zikasoma chini ya volti 2, akazisogeza pembeni zote sita. "Hizi usizichezee, na hasa kitu cha mtoto." Betri ya lithiamu ikilala muda mrefu ikiwa imeshuka sana, shaba iliyo ndani yake huyeyuka na inaweza kuja kuganda mahali pasipotakiwa, ukiichaji tena inaweza kupiga shoti ndani kwa ndani, ambako hakuna mkono wa kuitenganisha. Inaweza kukubali chaji leo ikaja kuwaka mwezi ujao.

Basi nikanunua mpya. Hapo nako kuna mtego: nilikuta moja imeandikwa miliampea-saa 9,900, kipimo cha chaji ambayo betri inabeba, kwa herufi nono. Betri ya ukubwa ule, hata iliyotengenezwa vizuri kabisa, huzungukia miliampea-saa 3,500. Anayekuandikia 9,900 amekwambia kila kitu unachohitaji kujua juu yake. Nilichukua ya 2,600 iliyoandikwa kwa unyenyekevu, pamoja na kibao cha chaji chenye ulinzi, yaani kile chenye chipu za ziada zinazokata umeme betri inaposhuka mno au inapopigwa shoti. Vibao hivyo huuzwa vya aina mbili vinavyofanana kama pacha. Visivyo na ulinzi vina matundu ya nyaya za betri tu, vyenye ulinzi vina matundu mengine mawili ya kutolea umeme. Angalia matundu kabla hujalipa.

Siku ya kwanza kulehemu nilichoma kidole, meza na kitambaa cha meza, kwa mpangilio huo. Sitasimulia.

Kilichonifunza zaidi ni kosa la jioni ya tatu. Kwenye kibao cha amplifaya kila upande una matundu mawili ya spika, chanya na hasi. Waya wangu wa hasi ulikuwa mfupi kwa nusu sentimita, na jirani na tundu lake kulikuwa na tundu la hasi ya betri. Nikajiambia hasi ni hasi, nikauchomeka hapo. Nikawasha. Muziki ulitoka, lakini kwa unyonge, na ngozi ya spika ikasukumwa nje ikabaki hukohuko, imetuna kama shavu la mtu aliyejaza maji mdomoni. Nikaigusa chipu, nilitoa kidole kwa kasi ileile ya pasi ya kulehemu. Kumbe amplifaya za aina hii huiendesha spika kutoka ncha zote mbili kwa zamu, moja ikivuta nyingine inasukuma, na ile inayoitwa hasi ya spika si hasi ya betri hata kidogo. Nilipoipeleka kwenye hasi ya betri, spika ilikuwa inapewa umeme wa moja kwa moja wa karibu nusu ya volti 5, bila kupumzika. Koili yake ingeungua kama ningekwenda kujibu simu. Nikarefusha waya.

Halafu ikaja kelele. Muziki ukiwa umesimama, spika ilitoa mlio mwembamba wa mbu, na simu ilipokuwa ikitafutwa mlio ukageuka kuwa tititi-tititi. Nilidhani nimelehemu vibaya. Nikayeyusha na kurudia kila kiungo, mara mbili. Kaka alipokuja hakugusa pasi kabisa. Alikipa kibao cha Bluetooth betri yake ya pembeni, mbali na ile ya amplifaya, na mbu akanyamaza papo hapo. Nilimwangalia kama mtu aliyefanya mazingaombwe. Alinieleza kwamba kibao cha Bluetooth hufyonza umeme kwa vipigo vidogo vya haraka, na vibao viwili vinapochangia hasi moja ya umeme, vipigo vile hupita njia ileile inayopita sauti, amplifaya ikavikuza pamoja na wimbo. Dawa yake ni kidude cheusi kiitwacho B0505S: unakipa volti 5 upande mmoja, kinatoa volti 5 upande wa pili, na pande zenyewe hazigusani kwa waya. Kikalisha kibao cha Bluetooth peke yake. Mbu hajarudi.

Kisanduku ndicho kilichonila wiki mbili, na hapo lawama ni yangu mwenyewe. Ukiiwasha spika ikiwa uchi mezani, sauti ni ya bati, hakuna besi. Si kwamba spika haitoi besi. Ngozi inaposukuma hewa mbele, nyuma inaivuta. Mawimbi ya nyuma yanazunguka ukingoni, yanakutana na ya mbele yakiwa kinyume chake, yanafutana. Nilimwonyesha binti yangu kwa kutoboa tundu kwenye boksi la viatu na kuibandika spika hapo. Uso wake ulibadilika. Alitoa spika, akairudisha, akaitoa, akairudisha, kama mtu anayefungua na kufunga mlango wa jokofu kuona taa.

Basi kichwa kikanipanda. Nikataka besi. Nilijaribu kwanza kopo la chuma, maana lilikuwa na umbo zuri, na mtambo ukafanya kazi mpaka nilipofunga kifuniko. Simu ikapoteza mawasiliano nilipopiga hatua mbili. Bluetooth husafiri kwa mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4, na kopo la chuma lililofungwa ni jela ya mawimbi. Nikahamia plaiwudi. Nikakata, nikapiga msasa, nikabandika, nikatoboa tundu la ziada mbele na kulitia kipande cha bomba la plastiki, ile njia ya kuikaribisha hewa ya ndani isaidie besi. Nilibadilisha urefu wa bomba mara tano. Ngoma zilipopiga nilizihisi kwenye kiganja, na nilijiona mhandisi.

Nikamwita mwenye spika aje asikie. Hakutaka ngoma. Akachukua simu, akaweka hadithi ya bibi yake, akasikiliza kidogo, akakunja uso.

"Mama, mbona Bibi anaongea kama yuko ndani ya mtungi?"

Alisema kweli. Bomba nililolihangaikia lilikuwa linavimbisha sehemu nene ya sauti, na sauti ya mwanamke mzee anayesimulia polepole ilitoka na mwangwi mzito, maneno yamezama. Kwa wiki mbili nilikuwa natengeneza spika ya kwangu. Mtoto hakuwahi kuomba besi. Aliomba Bibi asikike. Nililiziba tundu kwa kizibo cha mbao na gundi, nikajaza sponji ndani kwa wastani, bila kuishindilia, ili sauti za ndani zisigongane na kuta. Hadithi ikasikika upya. Ngoma zikapungua, na aliyesikitika tulikuwa mimi na kaka tu.

Kutoka hapo nilianza kumtazama anavyosikiliza, na niliyoyaona yakanitia wasiwasi mwingine. Mtu mzima huweka spika mezani. Yeye aliikumbatia. Akilala aliiweka juu ya mto, kando ya shavu. Katika uwazi usio na kuta, sauti ileile ukiisogelea kutoka mita moja hadi sentimita 10 huongezeka desibeli 20 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu mzima anaweza kusikiliza desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila madhara. Kwa mtoto kiwango ni 75. Na kila desibeli 3 zinapoongezeka, nguvu ya sauti huwa maradufu na muda ulio salama hukatika nusu. Niliweka programu ya kupimia sauti kwenye simu ya pili (si kipimo cha maabara, lakini inatoa picha), nikaisogeza pale linapokaa sikio lake, nikafungulia wimbo mpaka mwisho. Ilizungukia 90. Hesabu yake ni rahisi na haipendezi: kutoka 75 hadi 90 ni hatua tano za desibeli 3, na 40 ukiikata nusu mara tano unabaki na saa moja na robo. Kwa wiki nzima.

Kumwambia mtoto wa miaka sita "usifungulie sana" ni kujiliwaza. Nilitaka spika isiyoweza kupiga kelele hata ikiombwa. Wengine hutia rezista, kijidude kinachobana umeme unaopita, kwenye waya wa spika yenyewe, lakini hapo umeme wa betri unakuzwa kwanza kisha unageuzwa joto. Ni afadhali kuipunguza sauti kabla haijaingia kwenye amplifaya. Na nilikuwa tayari na rezista mbili pale: spika ni moja, wakati Bluetooth hutoa kushoto na kulia, na huruhusiwi kusokota waya hizo mbili pamoja, kwa kuwa kila upande utapigana na mwenzake. Unapitisha kila mmoja kwenye rezista ya kilo-omu 10, ndipo unaziunganisha. Kilichobaki ni rezista ya tatu, kutoka kwenye maungio yale kwenda hasi, ya kumwaga sehemu ya sauti. Nilianza na ya kilo-omu 4.7: ikabaki karibu nusu ya volti, sawa na kushuka desibeli 6 hivi. Haikutosha. Nikatia ya kilo-omu 1. Ikabaki kama moja ya sita, kushuka kwa desibeli 15 au 16. Nikapima tena pale pa sikio, wimbo umefunguliwa mpaka mwisho. 75, 74, 75. Nikaifunika kwa gundi ya moto, nikafunga.

Yeye aligundua siku hiyohiyo. "Imechoka," alisema. Nikamwambia hivi ndivyo ilivyo. Akaisogeza karibu kidogo, akaendelea na hadithi, na malalamiko hayakuja tena. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita ya wiki nzima.

Umbo la mwisho alilipanga yeye. Spika ni mdomo, skrubu mbili za juu ni macho, swichi ni pua. Mimi nilishikilia mambo machache: pembe zote zipigwe msasa mpaka ziwe duara, kifuniko cha nyuma kifungwe kwa skrubu nne, si kwa kubana, ili betri isifikike bila bisibisi, mkanda wa kushikia uwe mfupi, usioweza kuzunguka shingo. Wavu wa mbele niliusahau, nikalipa. Siku ya pili kidole kilikwenda moja kwa moja kwenye kile kitovu laini cha katikati ya spika, kikakibonyeza ndani. Nilikivuta kwa utepe wa kunata na kilirudi, na kovu. Sasa kuna wavu wa chuma uliokuwa chujio.

Joto nalo liligoma kidogo. Kibao cha TP4056 hutoka kiwandani kikiwa kimewekwa kuchaji kwa ampea 1, na ndani ya kisanduku kilichofungwa na kujazwa sponji kilipata moto kiasi cha kunukisha gundi. Kuna rezista ndogo inayoamua kasi hiyo. Ya kilo-omu 1.2 nikaitoa, nikaweka ya kilo-omu 2, kasi ikashuka hadi miliampea 580 hivi. Nikakwangua pia sponji iliyokuwa imekigusa kibao. Sasa chaji huchukua saa tano na ushei, na huwa naichaji mwenyewe, mezani, mchana, swichi ikiwa imezimwa, kwa sababu kibao hicho hutambua kwamba betri imejaa kwa kuona umeme umepungua, na spika inayokunywa wakati huo inakichanganya. Ikitumika, mita ilisoma kama miliampea 140. Nikapata saa 18 hivi, ambazo kwake ni jioni nyingi.

Jioni nyingi, akikumbuka kuzima. Akisahau, inaendelea kunywa usiku kucha mpaka ulinzi wa betri unakata, na asubuhi kuna kilio. Mara ya kwanza nilidhani imekufa kabisa, maana hata baada ya kupumzishwa haikuwaka. Ulinzi ukishakata hubaki umekata mpaka uonjeshwe chaji. Dakika moja kwenye waya, ikafufuka.

Kuna mambo ambayo hayapo kwenye mchoro wowote. Kibao changu cha Bluetooth kina sauti ya mwanamke anayetangaza kwa Kiingereza kila kinapowashwa, kinapounganishwa na betri inapopungua, na hakuna mahali pa kumnyamazisha. Kabla ya rezista ya tatu alitangaza usiku wa manane, nyumba nzima ikasimama. Tena kibao hakiulizi namba ya siri. Yeyote aliye karibu anaweza kuunganisha simu yake. Jioni moja, katikati ya hadithi, simu yangu ilipoteza mawasiliano na kisanduku kikaanza kupiga muziki wa dansi kwa sauti yote iliyobakiziwa. Jirani alikuwa akitafuta spika yake. Binti yangu alicheza mpaka wimbo ukaisha.

Kaka ndiye aliyemfunulia maana ya lile jina. Mtoto aliposikia kwamba Bluetooth ni "jino la bluu" alitaka kujua ni la nani. La mfalme, akaambiwa: Harald wa Denmark, aliyeishi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na ile alama ya kwenye simu ni herufi zake mbili za kale zilizofumwa pamoja. "Hakuwa anapiga mswaki?" akauliza. Mjomba wake hakuwa na jibu. Tangu hapo kisanduku kina jino moja, lililopakwa rangi ya bluu kwenye wavu.

Mwezi uliopita Bibi alikuja mwenyewe. Binti yangu alimkalisha, akamwekea kisanduku mapajani, akakiwasha. Bibi alisikia mtu anasimulia, akainama, akainama zaidi, akakinyanyua hadi sikioni. Masikio yake siku hizi yanamsumbua, hasa la kushoto.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, Bibi!"

Alisikiliza mpaka mwisho kikiwa kimebanwa shavuni, kwa mkao uleule wa mjukuu wake. Kisha akanigeukia. "Na mimi nitengenezee. Ila hii yako inanong'ona."

Nikaenda kufungua droo. Spika ya pili ilikuwa bado kwenye karatasi yake. Mbao nimeshakata, na kizibo cha bomba hakitahitajika kwa sababu bomba lenyewe silitoboi. Ya kwake sitaitia rezista ya tatu.